Nguvu Zako Zinaishia Kwenye Upepo: Ushauri kwa Waendesha Baiskeli wa Pwani

Mtu akijiunga na kundi letu la baiskeli la Jumamosi, maswali yake ya kwanza huwa ya fedha. Ninunue baiskeli gani? Nibadilishe rimu? Niuze hii nitafute nyepesi zaidi? Wote nawajibu hivi: ngoja kwanza. Endesha hiyo hiyo uliyo nayo, hata kama ni Phoenix ya mzee nyumbani, mpaka ujue nguvu zako zinakwenda wapi. Huku pwani, ambako ardhi imelala na vilima ni vya kuhesabu, kinachokula nguvu za mwendeshaji kuliko kitu kingine chochote ni hewa anayoipasua.

Naandika haya kwa sababu nimeona vijana wengi wenye miguu mizuri wakiacha baiskeli baada ya safari mbili tatu. Wanatoka Mwenge alfajiri na furaha tele, wakifika Mapinga wamekwisha, wanakodi kirikuu iwarudishe, na tangu hapo hawaonekani tena. Wanajiambia hawana pumzi, au umri umekwenda, au baiskeli ni mbovu. Mara nyingi hakuna hata moja la kweli kati ya hayo. Walikuwa wanapigana na upepo peke yao, kifua wazi, saa mbaya, upande mbaya.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayoeleza mengine yote. Ukinzani wa hewa hauongezeki sambamba na mwendo, unaongezeka kwa kipeo cha pili. Ukitoka kilometa 20 kwa saa ukaenda 40, mwendo umekuwa mara mbili, lakini hewa inakurudisha nyuma kwa nguvu mara nne. Na kwa kuwa sasa unaipasua haraka mara mbili, kazi ambayo miguu inaifanya kila sekunde dhidi ya hewa inakuwa mara nane. Hata kutoka 20 kwenda 30 tu, jambo ambalo kijana yeyote hulijaribu akiona lami imenyooka, kazi hiyo inazidi mara tatu. Ndiyo maana mtu anaweza kunyonga baiskeli kilometa 20 kwa saa huku anapiga soga, akiongeza mwendo kidogo mazungumzo yanakatika.

Sasa weka upepo juu ya hesabu hiyo. Hewa haijali unakwenda kasi gani juu ya lami, inajali unakutana nayo kwa kasi gani. Ukienda kilometa 25 kwa saa huku upepo wa mbisho wa kilometa 15 unakupiga kifuani, mwili wako unapokea hewa ya kilometa 40, na nguvu inayokuzuia ni zaidi ya mara mbili na nusu ya ile ya siku tulivu. Upepo huo huo ukiwa mgongoni unakutana na hewa ya kilometa 10 tu, na nguvu inayokuzuia inashuka chini ya moja ya tano. Wengi hudhani basi kwenda na kurudi kunafidiana. Hakufidiani. Kwenye mbisho unakwenda polepole, kwa hiyo unakaa humo muda mrefu. Kwenye upepo wa nyuma unakwenda kasi na kuumaliza upesi. Siku ya upepo ni siku ndefu, na maji na chakula vipangwe hivyo.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza hauna gharama hata shilingi: chagua upande wa kwenda kabla hujachagua umbali. Wazee wa majahazi walipanga mwaka mzima kwa kaskazi na kusi. Kaskazi iliwaleta mabaharia kutoka Omani na Ghuba, kusi ikawarudisha kwao. Mwendesha baiskeli wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa anafanya vizuri akifuata kalenda hiyo hiyo. Kuanzia Desemba mpaka Machi hivi, kaskazi inapovuma, barabara ya Bagamoyo ni safari nzuri: mnaelekea kaskazini mkiukabili upepo mngali na nguvu, mkigeuza unawasukuma mgongoni mpaka Tegeta. Kuanzia Mei mpaka Septemba kusi ndiyo inayotawala, na hapo mambo yanageuka. Ukienda Bagamoyo msimu huo utajiona bingwa. Zaidi ya kilometa 50 zinapita bila jasho la maana, unafika na bado miguu inataka. Halafu unageuza baiskeli, jua limepanda, chupa imebaki nusu, na upepo wote uliokuwa unakubeba unakuja usoni. Wengi wa wale walioacha waliachia hapo, kati ya Zinga na Bunju, wakirudi. Msimu wa kusi mimi napeleka wageni Kigamboni: tunavuka Daraja la Nyerere, tunashika njia ya Kibada na Mwasonga kwenda Kimbiji, tunaumia kwanza, kisha tunarudi tunateleza.

Kuna na suala la saa. Alfajiri hewa ya pwani huwa imetulia. Nchi kavu ikianza kupata moto, upepo unaanza kutoka baharini, unaongezeka kadiri jua linavyopanda, na alasiri unakuwa mkali zaidi. Anayetoka saa kumi na mbili asubuhi na anayetoka saa nne wanaendesha barabara mbili tofauti kabisa. Safari ndefu lala mapema Ijumaa, utoke giza likipasuka, na saa tatu uwe umeshageuza.

La pili ni mwili wako. Ukimtazama mtu na baiskeli yake kwa mbele, chuma ni chembamba, kifua ni kipana. Sehemu kubwa ya hewa inayokuzuia inakuzuia kupitia mwili, na ndiyo maana kubadilisha rimu kabla hujabadilisha mkao ni kutupa fedha. Kunja viwiko. Mtu anayeendesha amenyoosha mikono na mgongo uko wima ameufungulia upepo kifua chote. Akikunja viwiko, kifua kikashuka na mabega yakasogeleana, eneo linalopigwa na hewa linapungua papo hapo, na atalihisi kabla hajapita nguzo tatu za umeme. Usukani ulionyooka haukuzuii kufanya hivyo. Kinachozuia ni mgongo na shingo visivyozoea, kwa hiyo anza kwa vipande vifupi, hasa pale upepo unapokuwa mkali, kisha nyanyuka upumzike. Ila macho yabaki mbele siku zote. Barabara zetu zina matuta, zina rasta, yaani vile vituta vidogo vya mfululizo, zina bodaboda inayochomoka kichochoroni, na hakuna sekunde unayoiokoa kwa kutazama tairi inayostahili kuvunjika bega.

Nguo nazo. Januari moja, kaskazi ikiwa imechachamaa, alikuja nasi kijana mmoja fundi wa aluminiamu, mwenye miguu ambayo ningeitamani. Alikuwa amevaa fulana kubwa nje ya suruali, na begi mgongoni. Tulipovuka daraja la Mto Mpiji fulana ilijaa upepo ikawa tanga. Akaanza kuachwa, kwanza mita chache, kisha nyingi. Nikapunguza mwendo nikamsubiri.

"Kaka, mimi nadhani pumzi sina," akaniambia.

"Pumzi unayo, mdogo wangu. Chomeka fulana. Begi lifunge kwenye keria. Halafu kaa nyuma ya gurudumu langu mpaka Kerege, usinipite."

Alichomeka fulana, akalibana begi kwenye keria kwa mpira wa tyubu, akakunja viwiko. Mwanzoni hakusema kitu, nikasikia tu cheni yake nyuma yangu. Baada ya muda akaanza kuniuliza mambo: huu mji unaitwaje, Bagamoyo tunakula wapi, wewe ulianza lini baiskeli. Mtu anayeuliza maswali pumzi anayo. Alifika, akala samaki pamoja nasi, akarudi kwa baiskeli yake.

Anayedhani haya ni mambo madogo mno akumbuke Julai 1989. Tour de France, mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, ilifika siku ya mwisho Laurent Fignon wa Ufaransa akiongoza kwa sekunde 50. Zilibaki kilometa 24.5 kutoka Versailles hadi Paris, kila mtu peke yake akishindana na saa. Greg LeMond wa Marekani alikuwa amefunga kwenye usukani vishikio vya kunyooshea mikono mbele, vilivyokuwa vinatumiwa na watu wa triathloni (kuogelea, baiskeli na kukimbia), na amevaa helmeti iliyochongoka nyuma. Fignon aliendesha kichwa wazi, nywele zake ndefu amezifunga mkia. LeMond alishinda mashindano yote, zaidi ya kilometa 3,200, kwa sekunde 8. Fignon siku ile alikuwa pia anaumwa kidonda cha kukalia tandiko, kwa hiyo sitasema ilikuwa hewa peke yake. Lakini sekunde nane ni kitu kidogo sana, na mkia wa nywele unatosha kuziweka shakani.

Karibu zaidi na kwetu, Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kuletwa Afrika. Tafuta picha za Remco Evenepoel wa Ubelgiji siku ya mbio za kushindana na saa. Mgongo umelala, mikono imekutana mbele, kichwa kimezama kati ya mabega. Alianza dakika mbili na nusu baada ya Tadej Pogačar wa Slovenia, na akampita njiani. Mwache mwanao anayependa baiskeli aitazame picha hiyo vizuri. Ni somo zima la fizikia. Ila vishikio vya namna ile visifungwe kwenye baiskeli ya kuendea Bagamoyo. Kwenye barabara yenye daladala vidole vikae kwenye breki.

Sasa nije kwenye jambo ninalolipenda kuliko yote, nalo ni wenzako. Nyuma ya mtu anayeendesha, hewa imeshapasuliwa. Ukikaa karibu na gurudumu lake unapunguziwa mzigo wa hewa kiasi cha robo au theluthi, na wakati mwingine zaidi, kutegemea mwendo na ukaribu. Kundi likiwa kubwa nafuu inakuwa kubwa kuliko mtu anavyoweza kuamini: mwaka 2018 watafiti wakiongozwa na Bert Blocken walichunguza kundi la waendeshaji 121 wakakuta kwamba ndani kabisa ya kundi ukinzani wa hewa unashuka hadi asilimia 5 mpaka 10 ya ule anaoupata mtu aliye peke yake. Wakimbiaji nao wanalijua hili. Eliud Kipchoge alipokimbia marathoni kwa saa 1:59:40 mjini Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019, wasindikizaji 41 walipokezana kumkinga, wamejipanga kwa umbo la V mbele yake, na wengine nyuma. Alikuwa anakwenda kilometa 21 kwa saa. Wewe kwa baiskeli unapita mwendo huo kila wiki, na hewa inakudai zaidi kuliko ilivyomdai yeye.

Namna ya kufanya inafundishika asubuhi moja. Anayeanza aache nafasi ya urefu wa baiskeli nzima, azoee, kisha asogee taratibu kadiri anavyomwamini aliye mbele. Tairi lako la mbele lisiingie kamwe ubavuni mwa tairi la nyuma la mwenzako, maana akiyumba kidogo wewe ndiye unayeanguka. Usitazame gurudumu, tazama mabega yake na barabara inayofuata. Usikamate breki ghafla. Acha kunyonga, au nyanyua kifua upepo ukupunguze. Aliye mbele ndiye macho ya wote: anaonyesha shimo kwa mkono, anapaza sauti "Tuta!", "Rasta!", "Mtu!", na kila anayesikia anarudia kwa wa nyuma yake. Nimekataa kuendesha na watu wenye mwendo mzuri kwa sababu hawasemi wanapoona shimo.

Zamu za mbele ziwe fupi. Na hapa nina neno kwa wenye nguvu, maana wao ndio wanaovunja makundi. Mwenye nguvu akishika zamu, anafurahi, anaongeza mwendo. Yeye anahisi ameongeza kidogo. Nyuma, aliye dhaifu tayari alikuwa ukingoni, na kidogo hicho kinamtupa nje ya kivuli cha hewa, yaani ile nafasi iliyokingwa nyuma ya mwenzake. Akishatoka mita chache, amebaki peke yake na upepo wote, na kumrudisha kunahitaji nguvu ambazo hana. Ukiwa na miguu, kaa mbele muda mrefu zaidi kwa mwendo ule ule. Utafanya mazoezi ya kutosha, na kundi litafika zima. Mgeni asianze mbele kabisa, na asiwekwe wa mwisho pia. Mweke katikati, nyuma ya mtu anayeendesha kwa utulivu, na wa mwisho awe mzoefu anayeweza kupaza sauti mtu akianza kuachwa.

Upepo wa ubavuni unataka akili zaidi. Huo hauna kivuli moja kwa moja nyuma ya mtu. Kivuli chake kinahamia upande wa pili. Ukielekea Bagamoyo, bahari iko kuliani, upepo wa bahari unatoka huko, kwa hiyo nafuu iko nyuma ya mwenzako na kushoto kwake kidogo, kwenye ukingo wa barabara. Hiyo ni bahati, kwa kuwa sisi tunaendesha kushoto na ukingoni ndiko salama. Mwongozaji aache nafasi ndogo kushoto kwake ili wa nyuma apate pa kujikinga. Mkirudi Dar es Salaam mambo ni kinyume. Upepo unatoka kushoto, kivuli kinaangukia kulia, yaani kwenye magari. Hapo usikitafute. Pangeni mstari mmoja ukingoni, punguzeni mwendo, kila mtu aukubali upepo wake.

Walioko Iten, Eldoret au Mbeya watanisamehe, maana hewa yao ni nyepesi kuliko ya kwetu. Iten, kwenye mita 2,400 hivi, inapungua karibu moja ya tano ukilinganisha na usawa wa bahari. Eddy Merckx, bingwa wa baiskeli wa Ubelgiji, alikwenda Mexico City mwaka 1972, zaidi ya mita 2,200 juu, akaweka rekodi ya umbali wa kuendesha peke yako kwa saa moja, kilometa 49.431, na wepesi wa hewa ulikuwa sababu mojawapo ya kuchagua mji ule. Lakini oksijeni nayo inapungua huko, na vilima ni vya kweli, kwa hiyo wana hesabu zao.

Wapo pia wasomaji wanaobeba mizigo: mkaa, mikate, maziwa, samaki wa kuwahi soko. Kwenu hewa si adui wa kwanza. Kwa mwendo wa kilometa 10 au 12 kwa saa hewa inachukua kidogo, kinachowachosha ni uzito na matairi laini. Jazeni upepo kwenye matairi kila asubuhi, pakeni cheni mafuta, pangeni mzigo ukae chini na katikati. Siku ya mbisho mkali, mzigo mrefu na mwembamba unapita vizuri kuliko mpana, ukiwa na namna ya kuupanga hivyo. Na mkipitwa na kundi la akina sisi wenye jezi, semeni tu, tutawapisha nyuma yetu mpumzike kidogo.

Nimebakiza malori kwa makusudi. Ukishajua raha ya kukaa nyuma ya mtu, siku moja fuso itakupita polepole karibu na tuta, utahisi hewa inatulia ghafla na baiskeli inakwenda yenyewe, na utatamani kuifuata. Usiifuate. Huoni mbele yake, hujui shimo liko wapi, breki zake hazikungoji, na dereva hajui kama upo. Kule Burundi, kwenye barabara inayopanda milima kutoka Bujumbura, waendesha baiskeli wanaoshusha ndizi mjini hushika lori kwa mkono ili liwavute kurudi juu. Wanafanya hivyo kwa sababu mlima ni mrefu na familia zinasubiri, na wengi wamekufa hapo. Wewe uliyetoka kufanya mazoezi huna sababu yao.

Hata lori linalokupita tu lina upepo wake. Linapokukaribia hewa ya mbele yake inakusukuma nje, likishapita ile ya nyuma inakuvuta ndani, kuelekea gurudumu lake. Ukisikia muungurumo nyuma, shika usukani imara bila kukakamaa, shusha kifua, endelea kunyonga, usikate kona. Mabasi ya mikoani ni hivyo hivyo, yanakuja kwa kasi zaidi. Na ukiona mwenzako anakaza miguu kulifuata lori, mwite kwa jina lake, kwa sauti kubwa, mpaka apunguze.